Gredi sita, walimu wanne: jibu kwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya parokia, Malindi

Swali la mwalimu, kwa ufupi: "Nimepelekwa kuongoza shule ya msingi ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa Katoliki, mbali na lami, upande wa Langobaya. Chekechea ina mwalimu wake wa kaunti. Gredi ya 1 hadi ya 6 ina watoto 120 na walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ni wanne, mimi nikiwemo. Vyumba ni vinne. Mwalimu hukimbizana na gredi mbili kutwa nzima, jioni ikifika hajafundisha hata moja. Nusu ya Gredi ya 4 hawajui kusoma. Parokia inataka katekisimu na rozari ndani ya saa za masomo, na robo ya watoto ni Waislamu. Siku ambayo hakuna chakula, alasiri darasa hubaki nusu. Nianzie wapi?"

Mwalimu, salaam. Umetaja mambo mengi, lakini karibu yote yanaishia mahali pamoja, napo ni kwenye ratiba. Nitakaa sana hapo na kwenye kusoma. Mengine nitayapitia haraka.

Shika kalamu kwanza. Kwa mpango wa sasa wa mtaala wa umilisi, Gredi ya 1 hadi ya 3 wana vipindi 31 kwa wiki vya dakika 30, na Gredi ya 4 hadi ya 6 wana vipindi 35 vya dakika 35. Gredi tatu za chini ni vipindi 93, tatu za juu ni 105, jumla 198. Gawanya kwa walimu wanne: kila mmoja anadaiwa vipindi karibu 50, na wiki yenyewe ina nafasi 31 au 35 tu. Kwa hiyo walimu wako si wavivu, wala si kwamba hawajui kujipanga. Wanaombwa kitu ambacho saa haikubali. Kuunganisha gredi katika shule kama yako si dharura ya siku mwalimu akiugua. Ndiyo sura yenyewe ya shule, na inafaa ipangwe tangu wiki ya kwanza ya muhula, si kuachiwa kila mtu ajitafutie njia.

Sasa, nani awe na mwalimu wake peke yake? Shule nyingi humpa Gredi ya 6, kwa sababu ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa gredi hiyo. Mimi napinga. Mtihani ule haumchagulii mtoto shule ya sekondari ya chini. Wote wanapanda. Tena katika hesabu ya mwisho unabeba asilimia 40 tu, asilimia 60 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayejua kusoma anaweza kuachiwa kazi dakika ishirini akaifanya. Mtoto wa Gredi ya 1 hawezi, kwa sababu kazi yoyote ya kimya inadai kusoma, na hicho ndicho asichokijua. Kwa hiyo Gredi ya 1 ikae peke yake na mwalimu aliye hodari zaidi kwa watoto wadogo, asihamishwe mwaka mzima. Gredi ya 2 na ya 3 zikae pamoja. Gredi ya 5 na ya 6 pamoja.

Gredi ya 4 ichukue wewe mwenyewe, kwa Kiingereza (vipindi 5), Hisabati (5) na Kiswahili (4). Hapo ndipo watoto wa bara ya Malindi wanapovunjika mguu: mpaka Gredi ya 3 sera inataka wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na wakiingia Gredi ya 4 kila kitu kinageuka Kiingereza kwa siku moja. Katika maeneo mengine yote ya ujifunzaji, Gredi ya 4 iingie chumba kimoja na ya 5 na ya 6. Ili mwalimu wa huko asifie kazini, mpokee Elimu ya Dini (3) na Sayansi na Teknolojia (4). Kwa hesabu hiyo wewe unafundisha vipindi 21 na yeye 28: 14 vya lugha na Hisabati kwa Gredi ya 5 na 6, na 14 vya gredi zote tatu, yaani Kilimo 4, Elimu ya Jamii 3, Sanaa 6 na kile kimoja cha malezi ya kiroho. Vinakubakia vipindi 14 vya ofisi. Safari za Malindi mjini, za benki, za ofisi ya elimu na za duka la vifaa, zikusanye siku moja ya wiki, na vipindi vyako vya Gredi ya 4 siku hiyo viwe vichache. Mkuu anayekwenda mjini mara tatu kwa wiki huiacha Gredi yake ya 4 ikiokota kuni.

Ratiba ikiishakaa, tatizo la pili ni muda ndani ya kipindi. Kipindi cha dakika 30 ukikigawia gredi mbili, kila moja hupata dakika kumi na tano, toa dakika za kutulia na kugawa vitabu, zinabaki kumi. Hakuna somo hapo. Unganisha vipindi viwili vya somo hilohilo viwe saa moja. Gredi za 2 na 3 ziende hivi: dakika 10 pamoja, dakika 20 uko na Gredi ya 2 huku ya 3 ikifanya kazi, dakika 20 ugeuke, dakika 10 za mwisho pamoja. Kwa Gredi ya 5 na 6, ambao vipindi viwili ni dakika 70, weka 10, 25, 25 na 10. Hisabati ina vipindi vitano, basi pata saa mbili za namna hiyo na kipindi kimoja cha peke yake, ambacho kifanye cha hesabu za kichwa na kusahihisha.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote: gredi mbili chumba kimoja ziwe kwenye somo moja. Gredi ya 5 ikiimba na ya 6 ikigawanya sehemu za desimali, hakuna anayejifunza, hata mwalimu anachanganyikiwa. Lakini somo moja si mada moja kila mara. Hisabati ni ngazi, huwezi kumrusha mtoto vidato viwili, kwa hiyo saa ni ileile na kila gredi ina kazi yake. Kwa mfano kutoa: dakika kumi za kwanza wote wanahesabu kwa mdomo kwa mbegu za mkwaju au vifuniko vya soda, kisha Gredi ya 2 inatoa namba za tarakimu mbili bila kukopa na Gredi ya 3 inatoa za tarakimu tatu kwa kukopa. Mazingira, Dini, Elimu ya Jamii na Sanaa si ngazi bali ni uwanja. Hapo fundisha mada moja kwa wote na utofautishe kazi ya mwisho: mkubwa aandike aya, mdogo achore na kuandika majina.

Kuna walimu watakaokushauri mzungushe mwaka, yaani mwaka huu gredi zote mbili zisome ya Gredi ya 5, mwakani zote zisome ya Gredi ya 6. Nchi nyingine hufanya hivyo na inafaa kabisa. Kwetu usithubutu katika Gredi ya 4 hadi ya 6, kwa sababu tathmini za KNEC, baraza la mitihani la taifa, huja kila mwaka kwa gredi yake, na mtoto ataulizwa asichofundishwa. Badala yake chukua miundo ya mtaala ya gredi zote mbili, iweke sambamba mezani, utafute mada zinazofanana, uzisogeze ziangukie wiki moja. Ni kazi ya siku mbili za likizo. Maazimio ya kazi yabaki mawili, moja kwa kila gredi, kwa sababu mkaguzi atayadai. Andalio la somo liwe moja lenye safu mbili.

Kazi ya kimya ndiyo inayovunja darasa la mchanganyiko, kuliko kelele. Iwe ni jambo ambalo watoto wameshafundishwa, sio jipya. Iwe ndefu kuliko muda wako wa kutokuwepo: kwa dakika ishirini mpe mtoto wa Gredi ya 3 hesabu nane hadi kumi, sio tatu. Na iwe na njia ya kujisahihisha, kwa mfano majibu nyuma ya kadi ya karatasi ngumu. Kunakili ubaoni si kazi, ni kumfunga mtoto mkono. Tena jihadhari na kumgeuza msichana mmoja mwerevu wa Gredi ya 6 kuwa mwalimu msaidizi wa kudumu. Mwenzi wa kufundisha abadilike kila wiki, asizidi dakika kumi na tano, la sivyo yeye ndiye atakayefeli.

Chumba chenyewe kipange upya. Ubao mmoja ukutani kwa kila upande, mbele na nyuma, na watoto wakae wakipeana migongo. Wakikaa wote wakitazama upande mmoja, Gredi ya 2 husikiliza ya Gredi ya 3 na kuacha yake. Ubao wa pili si gharama kubwa: sehemu ya ukuta iliyopigwa plasta laini ya saruji, ikiachwa ikauke vizuri, hupakwa rangi ya ubao mara mbili. Ukipaka plasta ikiwa bado na unyevu, rangi itabanduka kabla muhula haujaisha, na kwa unyevu wa pwani yetu kukauka huko ni kwa majuma, si siku.

Tuje kwa wasiojua kusoma. Usiwahukumu kwa gredi, wapime. Mtoto mmoja mmoja aitwe kando, asome ngazi kwa kupanda: herufi, silabi, neno, aya fupi, hadithi. Anaposhindwa, hapo ndipo alipo. Dakika tatu zinatosha kwa mtoto. Ukipima Gredi ya 2 hadi ya 6, tuseme watoto mia, ni dakika 300, saa tano. Mwalimu mmoja akitenga saa moja kwa siku, Ijumaa mmemaliza. Kwa wanaofika kwenye hadithi, hesabu pia maneno wanayoyasoma sawasawa kwa dakika moja. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulitumia kigezo cha maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Msishangae Kiswahili kuwa chini: "anayekusubiri" kwetu ni neno moja.

Sasa angalia bahati iliyojificha kwenye ratiba. Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki katika gredi za chini na vinne vilevile katika gredi za juu. Viweke vyote saa moja, Jumatatu hadi Alhamisi, baada tu ya gwaride. Kengele ikilia, kuta za gredi zinaanguka kuanzia Gredi ya 2: watoto wanakwenda kwa ngazi walizopimwa, si kwa umri. Mwalimu wa Gredi ya 1 anabaki na wake na kuongezewa wa Gredi ya 2 wasiojua herufi. Mmoja achukue wa silabi, mmoja wa neno na aya, mmoja wanaosoma tayari, ambao waendelee na mada zao za mtaala. Kata dakika kumi kwenye gwaride, uziongeze hapo. Gwaride la nusu saa kila siku juani ni desturi isiyomfaidi mtoto. Njia hii ya kugawa kwa ngazi ilikuzwa India na shirika la Pratham, na inaifaa shule ndogo kuliko kubwa, kwa sababu ninyi wanne mnawajua watoto wote kwa majina.

Pima tena baada ya wiki sita na uwahamishe waliopanda. Makundi yakikaa muhula mzima bila kubadilika, kundi la silabi huitwa "la wajinga", na mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyekaa hapo na wadogo zake hataonekana tena. Mtu kama huyo mpe kazi ya kusoma peke yake na mwalimu dakika kumi wakati wa mapumziko, umwache aendelee na wenzake wa rika.

Walimu wako, hasa waliotoka bara, mbali na pwani, waeleze jambo moja kuhusu lugha. Mtoto wa Kigiriama anayeandika "mutu" badala ya "mtu" si mzito. Kwao ni mutu kweli, kama vile maji ni madzi, mji ni mudzi na mti ni muhi. Silabi ya "m" inayosimama peke yake ndiyo inayomsumbua. Mpigishe makofi: m-tu, makofi mawili, m-ko-no, makofi matatu. Kisha andika jozi ubaoni, neno la kwao upande huu na la Kiswahili upande huu, umwache aone mwenyewe sauti inavyobadilika. Vipindi viwili vya lugha ya kienyeji kwa gredi za chini visiliwe na Kiingereza, kwani ndivyo vinavyomfundisha mtoto kwamba alama zile za karatasi ni mdomo wake mwenyewe. Mwenzako wa visiwa vya Lamu ana kazi hiyohiyo kwa Kiamu na Kibajuni, ila yeye lugha za watoto wake ziko karibu zaidi na ya kitabu.

Parokia. Hapa uende na heshima na uende na sheria. Shule yako ni ya umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi yake: wawakilishi watatu kwenye bodi ya usimamizi, ushauri na usimamizi wa malezi ya kiroho, na kasisi wa shule kwa gharama ya mfadhili mwenyewe. Sheria hiyohiyo inamtaka mfadhili alinde imani za watoto wengine. Katiba, kifungu cha 32, haimruhusu mtu kulazimishwa tendo lililo kinyume cha dini yake. Kadi ya ubatizo haiwezi kuwa sharti la kuandikishwa. Inafaa kwa jambo jingine ambalo wazazi hawalijui: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, naye ni wa kawaida huko kwenu, kadi ya ubatizo au ya kliniki ni miongoni mwa nyaraka zinazoweza kumsaidia mzazi kuomba usajili uliochelewa, pamoja na barua ya chifu. Omba karani wa parokia akae shuleni siku moja na vitabu vyake vya ubatizo, utamaliza kazi ambayo ingekuchukua mwaka.

Tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Elimu ya Dini ya Kikristo ni somo la mtaala, vipindi vitatu, linafundishwa na mwalimu wa TSC na kutathminiwa. Malezi ya kiroho ni kipindi kimoja kwa wiki, na hicho ndicho cha padri, sista au katekista. Katekisimu ya kuandaa ubatizo, komunyo ya kwanza na kipaimara ni ya Kanisa, na haimo kwenye ratiba. Mahali pake ni baada ya saa 9:30 alasiri au Jumamosi kigangoni. Katekista akikudai vipindi vya Dini, mwambie kwa upole kwamba mtoto wa Kianglikana na wa Kipentekoste naye amo mle ndani.

Kipindi cha malezi kiweke Ijumaa, cha kwanza. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya Moyo Mtakatifu, dakika 30 hizo ukizijumlisha na 15 za gwaride zinatosha Misa ya watoto ya dakika 45, iwapo padri ataanza saa 2:00 kamili na mahubiri yatakuwa ya watoto. Mwandikie tarehe zote za muhula mapema. Kwa njia mbovu ya mvua asipofika mpaka saa 2:30, Misa na isogezwe saa ya michezo, isile Hisabati. Sala ya Malaika wa Bwana, ya saa sita mchana, ni dakika tatu tu. Panga kipindi kiishe adhuhuri ili kengele isikate kazi katikati. Rozari ya Oktoba ndiyo ya kuangalia. Mafumbo matano huchukua kama dakika 20, na kwa siku 20 za shule ni saa 6 na dakika 40, zaidi ya vipindi 13 vya gredi za chini, tena karibu na KPSEA. Fumbo moja kwa siku, dakika tano, na Ijumaa watoto wamekamilisha matano. Sijaona padri aliyelikataa hilo akionyeshwa hesabu.

Watoto wako thelathini wa Kiislamu wanahitaji Elimu ya Dini ya Kiislamu, vipindi vitatu, saa ileile ambayo wenzao wako kwenye ya Kikristo. Huna mwalimu, basi bodi iuandikie msikiti wa karibu barua ya kumwomba ustadhi, yenye siku, saa na mada za mtaala, kwa sababu naye atataka kufundisha ya chuoni, yaani madrasa, na ya chuo yana saa zake. Chumba kikikosekana, mwembe unatosha. Hicho cha malezi nacho wapate chao. Wakati wa Misa, wasiohudhuria wakae na mwalimu wakisoma vitabu vya hadithi. Usiwape fagio. Mtoto anayefagia uwanja wakati wenzake wanasali ataieleza nyumbani kama adhabu, na mzazi atakuwa na haki ya kuamini hivyo. Mwezi wa Ramadhani wasaidie kwa kusogeza michezo ya jua kali kwenda asubuhi.

Ukishakubaliana na parokia kuhusu saa, waombe pesa, tena uombe kitu kimoja. Mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa watoto 120 ni shilingi 170,400, ikiwa zote zitafika, na hugawanywa kati ya akaunti ya vifaa vya kufundishia na ile ya matumizi ya jumla. Hesabu hiyo inafuata vichwa, wakati mlinzi, mpishi na paa linalovuja havipungui kwa sababu shule ni ndogo. Padri atakuwa na wazo la rangi ya ukuta au sanamu ya Bikira Maria langoni. Mwombe posho ya mwalimu mmoja wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa muhula mmoja. Mwalimu wa tano angeitenganisha Gredi ya 2 na ya 3, na hilo hakuna rangi inayoweza kulifanya.

Chakula, kwa kuwa umekitaja: anza na rejista. Andika rejista mara mbili, asubuhi na baada ya mchana, kwa mwezi mmoja. Utaona wanaopotea ni walewale, na utajua siku za njaa na siku za sababu nyingine: kupanda masika yakianza, kuchunga mbuzi, embe zikiiva, hanga la msiba kijijini na disco matanga yake usiku kucha. Kila sababu ina dawa yake, lakini ya chakula ndiyo iliyo mikononi mwako.

Kipimo kilichozoeleka katika mipango ya chakula cha shule ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto, gramu 40 za kunde au maharage, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Kwa watoto 120 ni kilo 18 za mahindi kwa siku, yaani kilo 90 kwa siku tano: gunia moja la kawaida kwa wiki, hesabu rahisi ya kuwaeleza wazazi. Maharage ni kilo 24 kwa wiki, mafuta kilo 3. Mkipika pure, mahindi na maharage yalowekwe kila moja peke yake tangu jioni, maji ya kulowekea yamwagwe. Magadi hulainisha haraka na kuokoa kuni lakini huharibu vitamini B1, basi yasiwe mazoea. Mimi ningepunguza maharage, ambayo hununuliwa dukani, na kutumia kunde na pojo, ambazo wazazi wenyewe huvuna. Pojo hata kuloweka hazihitaji. Mzazi atoe kwa hiari, kibaba chake kiandikwe daftarini, na asiyetoa mtoto wake ale vilevile: sheria haikuruhusu kumrudisha mtoto nyumbani kwa mchango.

Mahindi yanunuliwe yakiwa makavu. Pwani gunia lililoingia stoo na unyevu huota kuvu, na sumu ya kuvu haiondoki kwa kuchemsha. Pima kabla ya kupokea: chupa kavu ya kioo, viganja viwili vya mahindi kutoka katikati ya gunia, si juu, na kijiko cha chumvi kavu. Funika, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado, usitie sahihi. Yaliyo makavu yakae juu ya vibao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, na gunia lililoingia kwanza ndilo lifunguliwe kwanza.